Nimeomba wasifu, nyumba ikaingia msiba

Leo nusura niue mtu kwa kalamu.

Naandaa orodha ya watu maarufu wa Singida, na kila jina linahitaji chanzo cha habari. Nikaenda Ulemo kwa babu mmoja, mwalimu mstaafu aliyefundisha nusu ya wilaya ya Iramba.

Shikamoo, marahaba, vizuri tu. Nikasema, "Babu, naomba wasifu wako."

Mkewe akaacha kupepeta mtama, akajishika kichwa.

Jamani, kumbe kwetu wasifu husomwa pembeni ya jeneza tu!

Babu akauliza taratibu, "Daktari kakwambia nini?"

Nikaeleza mpaka jasho likanitoka. Akaelewa, akachangamka.

"Ongeza: aliimba kwaya vizuri."

Bibi akadakia, "Lini?"

"Sasa babu, hapo chanzo niandike nani?"

Babu akajibu, "Andika marehemu mwenyewe."