Aliyenikanyagia Breki

Sikuombi uniamini kwa sababu nasimulia vizuri. Muulize mke wangu, yupo hai, ingawa hapendi kabisa kusikia jambo hili likitajwa.

Miaka hiyo simu za mkononi zilikuwa hazijafika huku kwetu Mbozi. Nilikuwa nimejiundia gari mwenyewe nyuma ya nyumba: chesisi ya pikapu iliyoungua, injini kutoka kwa mtu wa Nakonde, bodi ya mabati na mbao. Nilitaka lisombe kahawa yetu. Liliwaka, likatembea, lakini breki! Ukikanyaga, pedeli inazama hadi chini kama umekanyaga matope. Nilibadilisha raba za silinda, nikakaza nati zote, wapi! Kulikuwa na upepo kwenye paipu za mafuta ya breki, na kuutoa ni kazi ya watu wawili: mmoja analala mvunguni kufungua nati ya paipu kwenye kila gurudumu, mwingine anakanyaga.

Shemeji yangu Josia, kaka wa mke wangu, alikuwa dereva wa lori la mahindi. Aliniahidi kuwa akirudi kutoka Tunduma atapita kunisaidia.

Alasiri hiyo ukungu ulishuka mpaka kwenye migomba. Nilikuwa tayari mvunguni na spana yangu, nikasikia mlango ukifunguliwa na springi za kiti zikilia.

"Shemeji, nimefika."

Sauti yake hasa, na ile lafudhi yake ya Kinyiha. Ningeikosea vipi?

"Pole na safari. Haya, kanyaga."

"Nimekanyaga."

Nikalegeza nati, mafuta yakatoka na mapovu, nikakaza. "Achia." Tukaenda hivyo gurudumu kwa gurudumu.

Gurudumu la mwisho, upepo ulianza kutoka ukakataa kuisha. Paipu nyembamba vile haiwezi kubeba pumzi ndefu namna ile, nakuambia. Ulikuwa wa baridi, ukanipiga usoni. Kisha ukakatika. Nikakaza nati.

"Achia, shemeji."

"Siwezi."

"Nimeshafunga, achia!"

"Nikiachia tutagonga."

Nilijiburura nje huku magoti yakichubuka. Kitini hapakuwa na mtu. Nikaisukuma pedeli kwa mkono: ngumu kama jiwe. Na kwenye tope lote lile, nyayo zilikuwa zangu peke yangu.

Nikiwa bado nimeduwaa, yowe likapigwa huko barabarani: habari ndiyo kwanza ilikuwa imefika. Lori la Josia lilikuwa limekosa breki mteremkoni, njia ya Tunduma, likaparamia mti. Utingo wake, aliyenusurika, alisema Josia alifia palepale, mguu ukiwa bado kwenye pedeli. Na hiyo ilikuwa mchana, kabla ukungu haujashuka.

Gari langu halikusogea tena. Wanaume walilisukuma, magurudumu yakagoma. Nilikata paipu zote za breki, halikutoka tone la mafuta. Mpaka leo liko pale, nyasi zimeufunika usukani.

Mke wangu aliniuliza mara moja tu, baada ya matanga, nilipomsimulia yote: "Kaka yangu alikuja mpaka nyumbani. Kwa nini hukutoka kumwangalia?"



Basi wewe unayelala chini ya magari, shika neno langu. Mtu akiingia kitini nawe uko mvunguni, toka kwanza. Mtazame usoni, mpe mkono. Ukiona ana joto la mtu, ndipo urudi chini umwambie akanyage.