Rangi Chini ya Nati

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kila nikishika spana, na bado naionea haya. Nilikuwa najifunza ufundi kwenye gereji moja pale Iyunga, nikajiona nimeshaiva. Tuliletewa lori kuukuu la mjane wa Idodi, lililokuwa likileta mpunga wake mjini. Askari walikuwa wamelizuia lisitembee kwa sababu ya taa mbovu, na mavuno yalikuwa yanamsubiri.

Kwanza nikaipaka chasisi, ile fremu ya chuma ya chini ya gari, rangi nyeusi, ipendeze. Nikafunga waya mpya na balbu mpya. Kumbe nimejitafutia balaa: ukiwasha indiketa, taa zote za nyuma zinakonyeza, ukikanyaga breki, zinafifia. Nikabadili fyuzi, nikafungua swichi, wapi! Nikaenda Mwanjelwa kwa Mzee Jamal, Mhindi aliyetuuzia vipuri miaka yote, nikamwambia mbele ya wateja kwamba anauza balbu feki. Yeye alinibadilishia balbu tu. Wateja wawili wakaondoka bila kununua.

Hizo nazo zikafanya vilevile. Fundi wangu, Mzee Ambilikile, akaniuliza mimi mwenyewe nimegusa nini kwenye lile gari. Nikataja waya, balbu, halafu rangi. Akalala chini ya lori, akalegeza nati inayobana waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye betri kupitia chasisi. Chini yake palikuwa na rangi yangu, imeziba njia. Akaikwangua kwa kisu, akakaza nati, taa zikawaka zote.

“Lori limepona,” akasema. “Sasa nenda kalitengeneze jina la mwenye duka, palepale ulipoliharibu.”

Nilisubiri duka lijae, maana kuomba radhi faraghani kungekuwa ujanja. Nikasema, “Balbu zako ni nzima, Mzee. Kosa ni langu.” Mzee Jamal akanisogezea kiti na kuniagizia chai, tukanywa watu wakituangalia. Mpunga wa yule mjane ulifika mjini wiki ileile.

Wewe unayejifunza ufundi leo una simu inayojua kila kitu, nami nafurahi. Lakini gari likikugomea, anza kukagua ulipopita mkono wako kabla ya kumnyooshea mtu kidole. Na ukimkosea mtu hadharani, usimwombe radhi uchochoroni. Utaweza, jana nilikuona ukifungua upya kazi yako bila kuambiwa na mtu.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na aujalie mdomo wako uwe mzito wa kulaumu na mwepesi wa kukiri.