Orodha Tupu ya Songo Songo

Nilirudi Kilwa na cheti cha kuandika programu na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Nikamtengenezea nahodha wa boti ya Songo Songo programu: abiria wa kisiwani wajiandikishe kwa simu, na kila alfajiri mashine imwambie kama orodha ina watu. Ikiwa tupu, asivuke kuchoma mafuta bure.

Wiki mbili ilimwambia avuke, akavuka, akarudi na abiria. Nikawa natembea kifua mbele. Kisha siku moja kisiwa kizima kikawa harusini. Nahodha akafika gatini akakuta mbuzi mmoja. Alinipigia simu akanisema hadi sikio likapata moto.

Kosa lilikuwa la kitoto. Nilikuwa nimeiuliza mashine kama orodha ipo, si kama ndani yake mna mtu. Katika lugha ile ya kompyuta orodha tupu nayo ipo, kwa hiyo kila siku ilijibu ndiyo. Nikabadilisha mstari mmoja: hesabu majina, yakiwa sifuri, safari hakuna. Nilijipongeza kwa sauti, peke yangu chumbani.

Kesho yake shangazi yangu alikuwa avuke kuja kwa madaktari wa macho, waliokuwa Kilwa kwa siku ya mwisho. Mashine ikahesabu, ikapata sifuri. Nahodha akarudi kulala.

Saa tatu asubuhi shangazi akanipigia. "Mwanangu, mbona boti haionekani? Tumejaa hapa."

"Shikamoo shangazi. Ulijiandikisha?"

"Marahaba. Nimeweka kapu langu gatini tangu jana, kama siku zote."

Kumbe kule kapu ndilo linaloshika nafasi. Kuandika jina kwa safari ya bahari ya kesho, wao huona ni kujifanya unaijua kesho. Tangu mwanzo hakuna hata mmoja aliyejiandikisha. Kosa langu ndilo lililokuwa likiwavusha. Nilipolisahihisha, nikawaacha gatini. Na mimi mwenye cheti sikuwahi kumuuliza yeyote anasafirije.

Nahodha alivuka mchana huku akinitukana. Waliporudi, madaktari walikuwa wameshafunga masanduku na kuondoka. Shangazi alishuka akipapasa ukingo wa boti. Nilimshika mkono, nikaona aibu hata kumwamkia. Alinisogelea hadi pua zetu zikakaribia kugusana, ndipo akanitambua.

"Kumbe wewe," akasema. "Hamna neno, mwanangu. Watakuja tena mwakani."

Nilitamani anitukane kama nahodha.