Kimanzi Aliambia Kompyuta Isiningoje

Admin, jina langu lifiche, ingawa watu wa Sultan Hamud wakisoma kidogo tu watajua ni mimi. Mimi ni mzee wa miaka sabini na tisa. Nimeishi kuliko gari la moshi lililokuwa likisimama hapa kuchukua abiria, kuliko ukame wa kila aina, kuliko kampuni iliyoniandika kazi, na Mungu anajua, nimeishi kuliko kijana wangu wa kwanza. Shule niliacha darasa la tatu na hapa naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Miaka ya tisini nilikuwa mkuu wa stoo ya Sultan Hamud, ya kampuni ya kununua ndengu na mbaazi. Sijisifu bure. Ningetia mkono kwa gunia macho yamefungwa nikwambie hii ni ya Tawa, hii ni ya Kitui, na hii mwenyewe ameilowesha ipate uzito. Wakulima walikuwa wanapita stoo zingine na punda wao wakija kwangu. Kitui, kwenye ofisi kuu, mkuu wa stoo alikuwa rafiki yangu wa rika moja, nitamwita Kimanzi. Kila tukikutana tulibishana nani ananunua zaidi. Hakuna aliyejua, kwa hivyo urafiki ulikuwa mtamu.

Ndipo ikaletwa kompyuta. Sio hizi zenu za mfukoni. Ile kubwa, seva, iliwekwa Kitui, na kila stoo ikapewa ndogo yake ya kuongea nayo kwa waya wa simu. Barua za ofisi, mpango wa malori, manunuzi, yote yaliingia pale na kila mtu akasoma ya mwenzake. Fundi alikuwa Halima, binti ya watu wa Garissa, baba yake alikuwa na duka la nguo hapa kwetu. Baadaye wakubwa wakamwambia aongeze kitu ndani ya seva: mtambo wa kuchukua manunuzi ya stoo zote na kuyachora picha, wajue biashara inaelekea wapi bila kuuliza mtu. Kila stoo na nguzo yake. Ukinunua sana, nguzo ndefu.

Tuliitwa mkutano Kitui kuupanga huo mtambo. Mimi sikwenda. Niliitwa na karani wa ofisi kuu kwa simu, kama mtu anaitwa kuchukua mzigo wake, nikaona ni dharau. Kimanzi alikwenda, akakaa karibu na Halima, akapewa neno la siri la kupanga mambo. Mimi nikapewa la kuangalia tu.

Jumatatu ya kwanza nikaangalia. Nguzo ya Kitui imesimama kama mnara wa kanisa. Yangu ilikuwa kama kiti cha kukamulia ng'ombe. Nikamwambia karani wangu, "Zima uwashe." Akazima, akawasha. Kiti kile kile. Nikapiga simu.

"Kimanzi, hii kitu yenu inadanganya."

"Kompyuta haijui kudanganya, wewe. Inajua kuhesabu."

"Basi ihesabu soko langu la Jumamosi!"

"Nguzo Fupi," akaniambia, na nikasikia watu wakicheka nyuma yake, "kula chakula ukue."

Jina likashika mpaka Tawa. Wakubwa wakaamini picha, malori yakaanza kupelekwa Kitui. Wakulima wakija kwangu wananikuta stoo imejaa, hakuna lori, wanageuza punda. Sasa nguzo ikawa fupi kweli. Stoo ikafungwa, nikarudishwa nyumbani.

Halima ndiye alinieleza, siku moja nikimnunulia mama watoto kitambaa pale dukani kwao.

"Mzee, picha ilikuwa inachorwa Jumatatu saa moja asubuhi. Karani wako alikuwa anaingiza soko la Jumamosi saa ngapi?"

"Akifungua stoo. Saa mbili."

"Basi wiki ilikuwa inafungwa kabla soko lako kubwa halijaingia, na kilichochelewa hakikuhesabiwa tena. Kwa mkutano niliuliza saa gani inafaa wote. Kimanzi akasema saa moja, Sultan Hamud hawana shida."

"Na wewe ukakubali?"

"Kiti chako kilikuwa wazi, mzee."

Hata kama kilikuwa wazi! Kimanzi alilijua soko langu kama anavyojua boma lake. Nikaapa sitakula na yeye mpaka aseme mbele ya watu kwamba ile saa ni yeye aliiweka. Hajasema. Na mimi sijala.

Sasa mjukuu wangu Musyoka, mtoto wa yule kijana wangu aliyefariki, amepata msichana Kitui. Nikauliza ni wa nani. Ni mjukuu wa Kimanzi! Mbuzi wa ntheo, desturi yetu Wakamba ya kuoa, lazima wapelekwe kwao, wachinjwe, pande zote mbili wale pamoja, ndipo ijulikane msichana ni wetu. Baba yake Musyoka hayupo. Wa kuwapeleka ni mimi.

"Umau," Musyoka ananiambia, maana mimi ni babu yake, "hiyo kompyuta ilioza zamani."

"Ilioza, lakini aliyeipanga anapumua."

Mke wangu akadakia kutoka jikoni, "Unataka kijana aoe nguzo?"

Juzi Kimanzi ametuma neno kupitia kwa huyo msichana: "Mwambieni mzee safari hii hakuna saa. Kisu hakiguswi mpaka Sultan Hamud iingie, hata kama ni magharibi."

Tangu hapo sikai. Natoka naangalia mbuzi, narudi, natoka tena. Hayo maneno ni kuniomba msamaha, ama ni kunicheka tena, mara hii mbele ya wakwe? Ametuma mtoto, hajasema mbele ya watu. Lakini amesema atangoja.

Nyinyi mnaosoma, siku ni Jumamosi hii na Musyoka hali. Niende, ama nishike kiapo changu? Nipeni la kufanya. Ya kanisani nimeshasikia.

Na atakayesema nimetunga, Halima yuko pale pale dukani kwa baba yake. Karani wangu sasa ni mzee wa kanisa hapa mjini, atawaambia habari ya kuzima na kuwasha. Wa tatu ni Kimanzi mwenyewe. Huyo ndiye anajua kuliko wote, na ndiye ningependa aulizwe kwanza, nikiwa nimekaa hapo.