Hodi ya Bi Tatu

Siku hiyo chuoni kwetu Bagamoyo tulikuwepo mimi, mdogo wangu Zuhura, Mzee Kibwana mlinzi, na mtu wa nne ambaye nikimtaja mtanicheka. Chekeni. Mimi nilimwona kwa macho haya.

Wazazi walipofariki niliacha shule nikalea wadogo zangu; ufundi wa kompyuta niliuokota kazini. Zuhura alikuwa kapata nafasi chuoni hapohapo, na mwisho wa kuithibitisha mtandaoni ulikuwa jioni ile. Seva inayotunza majina na nywila za watu wote ikagoma. Haimwingizi mtu.

"Kaka, nikikosa nafasi hii utaniozesha?"

"Nani akuoe na mdomo huo?"

Nikaiamuru seva iandike kila ombi linaloingia: nani kaomba, kutoka kompyuta gani, kajibiwa nini. Mistari ikamiminika, yote jina moja: Tatu, kutoka kompyuta ya maktaba. Anakataliwa, anaomba tena. Wengine wamekwama nyuma yake.

Nikaenda maktaba. Kompyuta ile haikuwa hata na waya wa umeme. Mbele yake kakaa bibi nisiyemjua, kajitanda kanga, ananukia udi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nabisha hodi tangu asubuhi, hamniitikii! Jina langu mmelifuta, na hitma hamkunisomea."

"Hitma ya mtu hai, bibi?"

"Wewe niahidi tu. Na pilau. Isiwe kavu!"

Nikaahidi huku nacheka. Wewe ungebishana na bibi mzee? Nikainama kutafuta waya. Kuinuka, kiti kitupu.

Kwenye seva, maombi yake yamekoma. Zuhura akaingia, akathibitisha, akapiga vigelegele hadi Mzee Kibwana akaja mbio. Nikawasimulia.

"Bi Tatu wa maktaba?" Mzee akakaa chini. "Si tulimzika kabla hujaajiriwa! Alitaja pilau?"

"Alisema isiwe kavu."

"Basi ndiye."

Zuhura sasa yuko mwaka wa pili. Seva bado inaandika, na kila Ijumaa asubuhi, niaminini, linaingia ombi moja la Tatu. Moja tu, kwa adabu. Nanyi mnaotunza majina ya watu, msimfute marehemu kabla ya kumsomea.

Mchele wa hitma yake upo, Zuhura ananikumbusha kila siku. Nitalipa, sijawahi kuvunja ahadi. Ila nikilipa hatabisha hodi tena, na kwetu mkubwa ni mimi. Sina mzee mwingine wa kunidai.