Balozi wa Nyumba Zilizochomwa

Mnisamehe kwa makosa ya herufi na kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka. Niliishia darasa la saba, na huandika polepole, neno moja moja. Lakini jambo hili limenikaa kooni tangu Jumamosi ile, nami kusema mbele ya watu siwezi.

Mjomba wangu, aliyekuja Stockholm zamani kusomea ufundi wa mitambo, alitukusanya Waswahili wachache kwenye kituo cha treni cha Spånga twende kuona kanisa la kale. Akaniweka mimi mkalimani, maana yeye alisoma kwa Kiingereza, nami Kiswidi nimekipata kazini, kwenye kufua mashuka. Njia nzima nilirudia maneno ya Kiswidi kimoyomoyo.

Mle kanisani kuna kaburi la bwana mkubwa wa zama za kati. Amechongwa kwa jiwe, amelala chali, mbwa miguuni. Mwongozaji, mama wa Kiswidi mwenye sauti laini, alimweleza kama anayemsifu babu yake. Alizaliwa ukoo wa kifahari. Aliongoza jeshi la mfalme ng'ambo ya mpaka, akachoma nyumba na maghala ya wakulima katikati ya baridi kali ili adui akose chakula. Miaka michache baadaye mfalme akamtuma kulekule kufanya mapatano, maana "aliwajua vizuri watu wa kule." Akala nao, akarudi na kikombe cha fedha.

Aliwajua vizuri. Lakini kazi yangu ilikuwa kutafsiri.

"Halafu akawa balozi," nikasema.

"Balozi wa nyumba kumi?" mjomba akauliza. Kwetu Tanzania balozi tunayemjua ni huyo, wa kuandikisha wageni na kusuluhisha majirani.

"Wa mfalme, mjomba."

"Haya. Maana hizo nyumba kumi keshazichoma zote."

Watu wakacheka. Mwongozaji naye akatabasamu bila kujua kitu. Mama mmoja wa Kongo, tuliyekuja naye, hakucheka.

"Yule aliyechoma soko letu kule nyumbani," akaniambia, "leo anavaa koti, anaenda mikutano ya amani, analala hoteli. Muulize huyu mama: wale waliochomewa, nani aliwauliza kama wanataka kula naye?"

Mjomba akaninong'oneza, "Usituharibie siku, mjomba. Wenyeji wametuandalia kahawa."

Mwongozaji alinitazama, anasubiri. Nikamuuliza paa lina umri gani. Alifurahi sana, akaeleza habari za mbao kwa muda mrefu.

Yule mama wa Kongo akanisogelea. "Miye nasafisha maofisi hapa mwaka wa tisa. Neno *tak* nalijua, ni paa. Sikuuliza paa, mtoto wangu."

Hakupaza sauti. Alichukua kahawa yake akaenda kuinywa peke yake dirishani. Mimi nilikula mikate miwili ya mdalasini, nikasema asante mara nyingi mno.

Yule wa jiwe ananichukiza. Sauti laini ya mwongozaji inanichukiza. Lakini aliyezima swali ni mimi, na sikulazimishwa na mfalme yeyote. Namba ya yule mama ninayo. Nimeanza kumwandikia mara tatu, nikafuta.

Ninyi mliowahi kutafsiria watu, hospitalini au ofisini, mkameza swali la mtu: mlimwendeaje baadaye? Mlimwambia nini? Niandikieni, tafadhali, kabla sijakutana naye tena.