Vifungo vya sweta la Tumaini

Leo mdogo wangu ameniambia niache kumsaidia.

Tumaini ana miaka saba na mikono yake haimtii vizuri. Kijiko humponyoka, vifungo humshinda. Mtaalamu wa mazoezi alitufundisha kumgawia kazi vipande vidogo: mimi nifunge sweta, yeye amalizie kifungo cha mwisho. Akiweza, tumsifu na kumwachia kingine. Akikosea, tusimrekebishe.

Tangu nimalize kidato cha nne, hiyo ndiyo asubuhi yangu. Namvalisha, namsindikiza shule.

(Rafiki zangu wote mmeenda Mbeya. Hapa Ibighi nipo peke yangu.)

Leo, manyunyu yakianguka, niliinama mbele yake kama kawaida.

"Dada, acha. Nafunga mwenyewe."

Akafunga vyote. Ila alikosea tundu la kwanza, sweta likaning'inia upande.

Mama jirani alikuwa anapita na mkungu wa ndizi kichwani. Akasimama.

"We binti, mtoto anaendaje shule hivyo? Mrekebishe."

Mnanijua, mimi huwa sijibu wakubwa. Leo nilijibu.

"Shikamoo mama. Mwache tu, kafunga mwenyewe."

Akaguna, akaenda zake.

Tumaini akawakimbilia wenzake barabarani. Siku zote tukitoka huwa wameshapita, kwa sababu ya vifungo; leo aliamka mapema.

"Hongera, Tumaini," nikamwita.

Hakugeuka. Alikuwa anaongea nao.

Nimefurahi, kweli. Lakini nilibaki nimesimama na mwavuli, na hata saa mbili haijafika.

Ninyi wengine mliomaliza shule mkabaki nyumbani, asubuhi huwa mnafanya nini?